Boma Lililorukwa

Mwalimu Simeon Odwar alikuwa na njia tatu za kwenda sokoni, na zote zilikuwa ndefu kuliko ile moja iliyotumiwa na kila mtu. Sababu ilikuwa mama mkwe wake. Boma la mama huyo lilipakana na njia fupi, katikati ya shule na ziwa, na mkwe mwenye adabu hajipitishi langoni kwa mama mkwe kama mbuzi wa jirani. Wazee walikuwa na busara yao: walioa mbali, wakaonana na wakwe mara mbili tatu kwa mwaka, heshima ikabaki safi. Lakini kazi haijui ukwe. Simeon alitoka kwao Migori akiwa na cheti kizuri na viatu vibovu, akaajiriwa na kamati ya shule ya Harambee ya Nyagidha, kando ya ziwa baina ya Homa Bay na Mbita, mwendo wa dakika tano kutoka kwa mama aliyemzaa mkewe Jedidah.

Basi ikawa kuhepana. Siku moja alimwona mama mkwe akija na kapu la omena, dagaa wa ziwani, kichwani, akajitupa kwenye mkonge, akatoka huko suruali imechanika goti mbele ya wanafunzi wa kidato cha kwanza. Mama naye alikuwa amekwisha kugeuka, ameuelekeza uso kwenye ua, anangoja mkwe apite. Mama mkwe humwiti jina, humtazami usoni, huli mbele yake, na bomani kwake huingii ila siku ya shughuli, ukiwa umealikwa na umesindikizwa. Watu wawili waliopendana wakawa wanakimbiana kama waliokosana.

Haya yasemwe mapema, maana bila hayo mtu atauliza ilikuwaje mwalimu mzima, msomi, akashindwa kuona jambo ambalo hata watoto wachunga mbuzi walikuwa wakiliona.

Mwaka ulikuwa 1968, na barua ilikuwa imetoka juu ikisema kila shule imteue mwalimu mmoja wa kuwashauri wanafunzi. Mwalimu mkuu, Elijah Nyabuto, mtu wa Kisii mwenye sauti ya kuchimba kisima, aliisoma barua hiyo mara mbili, akatazama fimbo yake nyuma ya mlango, akaitazama tena barua. Kisha akamwita Simeon. Alimweleza kwamba amemchagua kwa kuwa yeye ndiye mwalimu pekee ambaye wanafunzi hawamkimbii. Simeon aliona amevishwa joho.

Akapewa chumba cha kuwekea chaki na mipira. Akakifagia mwenyewe, akaweka viti viwili, akatunga sheria moja: linalosemwa humu halitoki, na fimbo haiingii. Mwanzoni wanafunzi walikuja kwa udadisi tu. Baadaye wakaja kwa shida zao hasa, maana wengi wao walikuwa vijana wakubwa, wengine na ndevu, waliokaa nyumbani miaka mingi wakingoja shule ijengwe. Simeon aliwasikiliza, akalala usingizi mzuri, akajiona anafaa.

Ndipo akaja Jared.

Jared alikuwa kijana wa miaka kumi na minane, mtoto wa Walter Ogola, mvuvi mpole aliyekuwa mjumbe wa kamati ya shule. Katika hesabu hakuwa na mwenzake. Shule nzima ilimtegemea, kwa sababu mwisho wa mwaka kidato cha pili kingefanya mtihani kwa mara ya kwanza, na shule ya Harambee isiyopitisha hata mwanafunzi mmoja huchekwa mpaka ikafungwa. Lakini tangu muhula wa pili Jared hakuwa yule wa awali. Macho yalikuwa mekundu. Alicheka peke yake ubaoni. Asubuhi moja alitoka darasani bila ruhusa, akateremka mpaka ziwani na sare yake, akasimama majini mpaka kiunoni. Walipomtoa, alisema ziwa lilikuwa likiita rejista na jina lake halijasomwa.

Nyabuto alitaka kumfukuza siku ile ile. Simeon akamwombea. Nyabuto akakubali, ila akaapa kwamba mara ya pili hataki kusikia neno la mtu. Kijana alikuwa amebakiwa na nafasi moja, na Simeon ndiye aliyeishika.

Katika chumba cha chaki, Jared alisema yote. Alisema ni bangi, ile ambayo nyumbani waliiita njaga. Wenzake walimwambia inafungua kichwa, na yeye aliogopa mtihani kuliko alivyoogopa kifo, maana baba yake alikuwa ameuza fahali wa kulimia kwa ajili yake. Mwezi wa kwanza kichwa kilifunguka kweli, akakesha na vitabu. Baadaye kichwa kikakataa kufungika. Sasa alisikia watu wakizungumza ndani ya ukuta. Alisema hayo akilia.

Lilibaki swali moja tu. Simeon akauliza njaga hiyo anaitoa wapi.

Jared akatazama sakafu. Akawa anakunja na kukunjua pindo la kaptura yake.

"Mwalimu, hilo usiniulize wewe," akasema. "Aniulize mtu mwingine."

Laiti Simeon angelisikia neno lile kama lilivyosemwa! Lakini yeye alisikia jambo jingine. Alidhani kijana anamwogopa muuzaji. Alidhani pia, na hili lilimuuma, kwamba kijana bado hajamwamini, baada ya viti viwili na sheria yote ile. Je, huyo mtu mwingine ni nani, anayejua kushauri kuliko yeye? Akauliza tena wiki iliyofuata, na nyingine, na kila mara jibu lilikuwa lile lile, kwa adabu ile ile. Hakumtuma mtu mwingine. Hakutaka mtu mwingine apate lile lililomshinda yeye.

Badala yake akawaita wazazi. Na hapa tumpe haki yake, kwani jambo lenyewe lilikuwa jema. Alisimama mbele yao chini ya mabati ya kidato cha pili, akasema kwa Kiswahili badala ya Kijaluo, ili mwalimu mkuu naye afuate, kwamba fimbo ya shule ina urefu wake na haifiki nyumbani. Shule waliijenga kwa mikono yao, basi kwa mikono hiyo hiyo wawalinde watoto wao. Asiitwe polisi wala chifu. Wazazi waende wawili wawili, boma kwa boma, wakazungumze na kila mwenye nyumba, na penye njaga ing'olewe au itolewe. Atakayekaidi atengwe: asisaidiwe palizi, asichotewe maji akiugua, omena wake wasinunuliwe.

Mzee mmoja akainuka akasema kikulacho ki nguoni mwako, na wote wakaitikia. Nyuma kabisa, karibu na mlango, mama mkwe wa Simeon alikuwa ameketi na akina mama wenzake, mgongo ameuelekeza kwa msemaji kama adabu ilivyotaka. Jina lake lilikuwa Leonida, ingawa Simeon hakuwahi kulitamka. Alikuwa mjane. Mabati kumi na mawili kati ya yale yaliyokuwa juu ya vichwa vyao aliyatoa yeye, akashangiliwa siku hiyo kuliko wanaume wenye ng'ombe. Walipopiga makofi kukubali, naye alipiga.

Jumamosi wakatawanyika. Simeon alipangwa pamoja na Walter, baba yake Jared, upande wa ziwani. Walifanya kazi njema. Kwa mzee mmoja walikuta mashina manne nyuma ya zizi. Aliyang'oa mwenyewe huku akinung'unika kwamba babu yake aliivuta kwenye kibuyu cha maji mpaka akafa na meno yote. Maboma mengine waliketi, wakanywa uji, wakazungumza kuhusu watoto. Walter hakusema sana, ila kila walipotoka mahali alimshukuru mwalimu kwa kumshikilia mwanawe.

Mwishoni wakafika njia fupi. Lango lile lilikuwa wazi. Uani, mama mkwe alikuwa akianika omena kwenye wavu. Alipowaona aligeuka akawapa mgongo.

"Na hapa?" Walter akauliza.

Simeon akacheka. Akasema hapa ni kwa maro, mama mkwe, mguu wake haufiki. Walter naye akacheka, akasema basi mwalimu asubiri njiani, yeye aingie mara moja tu, asiwe ameacha boma hata moja. Akapiga hatua. Simeon akamshika mkono. Alimweleza, na kweli aliamini alichokisema, kwamba kumtuma mwanamume akapekue nyumba ya mama mkwe wako huku wewe umesimama nje ni aibu kuliko kuingia mwenyewe. Mjane aliyeezeka darasa! Angetuma salamu kupitia Jedidah, yangekwisha. Walter akatikisa kichwa kukubali. Nani asiyejua heshima? Wakalipita boma lile wakaenda zao.

Wiki mbili shule ilitulia. Nyabuto akaandika ripoti nzuri. Kisha Jumatatu moja Jared aliingia darasani wakati wa hesabu, akamnyang'anya mwalimu wa somo chaki, akajaza ubao mzima kwa tarakimu moja tu, saba, akaendelea ukutani, akaendelea mlangoni, mpaka vidole vikatoka damu. Mfukoni alikutwa na msokoto umefungwa kwa gazeti.

Kamati ikakaa alasiri hiyo. Walter alikuwapo, kofia mapajani. Nyabuto alimweka Jared katikati akamwambia neno moja litamwokoa: ataje anakonunua, abaki. Kijana akamtazama Simeon, akaangalia chini. Nyabuto akamgeukia Simeon, akamuuliza kama mshauri anasemaje.

Pale palikuwa na mlango wa mwisho, na Simeon ndiye aliyeufunga. Alikuwa amechoka, ameaibika mbele ya wazazi, na hasira ilikuwa imempanda bila yeye kujua. Akasema amejaribu kila njia. Akasema kijana anajua, amemwuliza zaidi ya mara tano, na hataki kusaidiwa.

Alichokisikia katika chumba cha chaki akakitoa nje, mbele ya watu, ili yeye asilaumiwe.

Jared hakulalamika. Aliinama kidogo, akasema, "Asante, Mwalimu," akafuata mgongo wa baba yake. Kesho yake Walter akamvusha kwenda kisiwa cha Rusinga kwa bibi yake, ambako hakuna shule iliyojua habari zake.

Jioni Simeon alimsimulia mkewe. Jedidah alikuwa akisonga ugali. Mtoto wao Dolphine amelala mgongoni. Simeon akasimulia yote, kwa uchungu wa mtu aliyetendewa vibaya. Alipofika kwenye maneno ya kijana, usiniulize wewe, aniulize mtu mwingine, mwiko ukasimama sufuriani.

"Baba Dolphine," Jedidah akasema bila kugeuka. "Huku ziwani kote, nyumba usizoweza kuingia wewe ni ngapi?"

Simeon akahesabu. Ilikuwa moja.

Akamuuliza kama alijua. Jedidah akasema hakujua, aliogopa kujua, na hayo si mamoja lakini hayapishani sana. Tangu baba yake afe aliona magunia ya mahindi yakiletwa kutoka upande wa Migori, na mama yake hauzi mahindi. Aliona wavuvi wakipita asubuhi kuchukua kitu cha kuondoa baridi ya ziwa. Angeanzaje kumwambia mumewe habari za mama yake? Akaanza kulia, na ugali ukaungua.

Asubuhi Simeon hakwenda shule. Alipita kwa Walter, akamwambia yote pale mlangoni, bila kuketi. Walter akachukua kofia yake. Wakaenda kwa njia fupi, na safari hii walipofika langoni Simeon aliingia.

Mama Leonida alikuwa uani. Alipoona ni nani, akageuka haraka akautazama ukuta wa jiko, na Simeon akasema na mgongo wake. Hakujua amwiteje, miaka sita hakuwahi kumwita. Akasema tu kwamba amekuja kwa ajili ya Jared, mtoto wa Walter huyu hapa, na kwamba kijana amepoteza shule na pengine akili.

Mgongo ule ukatulia.

"Ora," akasema polepole, akimwita kama mama anavyomwita mkwe, "mimi nilidhani unajua."

Simeon hakuelewa.

"Siku ile mlipita. Huyu alitaka kuingia, nikakuona ukimshika mkono. Nikasema, mkwe wangu ananifunika. Nikashukuru Mungu kwa kunipa mkwe kama wewe. Na vijana walipokuja niliwaambia msiogope, mwalimu wenu anajua, hatasema. Niliona wana ndevu, nikadhani ni wanaume. Marehemu mume wangu aliivuta na wazee wenzake, hakuwahi kuandika ukutani."

Walter akaketi chini, pale pale vumbini. Simeon alibaki amesimama. Alikuwa ametafuta muuzaji kila mahali, kumbe mkono wake mwenyewe ndio uliomwekea ulinzi. Na tangu siku ile Jared aliketi mbele yake akiamini mambo mawili yasiyoweza kukaa pamoja: kwamba mwalimu anajua, na kwamba mwalimu anauliza. Kijana mwenye kichwa kizima angechanganyikiwa, sembuse yule.

Gunia lilitolewa siku hiyo hiyo likachomwa ufuoni, upepo ukielekea ziwani, kamati nzima ikitazama. Simeon alisimama mbele yao akasema boma alilolipita ni la mama mkwe wake, na kwamba aliyepaswa kufukuzwa alikuwa yeye. Watu walikosa pa kutazama. Sheria ya kutengwa waliipitisha wenyewe, lakini waitumieje kwa mjane ambaye watoto wao wanakaa chini ya mabati yake? Wengine wakaanza kusema yaishe. Ndipo Mama Leonida akasema kutoka nyuma ya akina mama kwamba wamtenge, ni haki yao, ila kwanza wampeleke kwa yule mtoto. Nyabuto, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akirudisha neno lake, akachukua barua ya kumfukuza Jared akaichana vipande viwili, akasema akirudi kesho atalikuta dawati lake.

Wakavuka kwa mtumbwi kutoka Mbita. Walter alipiga kasia. Mama Leonida aliketi mbele akitazama Rusinga, Simeon nyuma akitazama walikotoka, migongo ikielekeana. Mkwe na mama mkwe katika mtumbwi mmoja! Wanawake waliokuwa wakifua ufuoni wakaacha nguo wakasimama.

Walimkuta Jared kivulini kwa bibi yake, ana sinia la njugu karanga na sufuria kando, anabambua. Alikuwa amekonda, shati limemwangukia. Alipomwona Mama Leonida aliinuka, kama mtoto aliyelelewa, akamsalimia kwa mikono miwili, kisha akamsalimia mwalimu, kisha baba yake, akaketi tena.

Mama Leonida akaketi chini mbele yake. Akamwambia kwamba ni yeye aliyemuuzia, kwamba mwalimu hakujua lolote, na kwamba amekuja kusema hivyo mwenyewe ili asimsikie mtu mwingine akilisema. Jared alimsikiliza kwa makini, kichwa amekiinamisha. Simeon naye akasema la kwake. Alisema amekosa, dawati linamngoja, na hatamuuliza kitu tena.

Jared akamtazama.

"Mwalimu, umeambiwa na mtu mwingine?"

"Ndiyo, Jared. Na mtu mwingine."

"Basi si mimi niliyesema."

"Si wewe."

Uso wa kijana ukalegea, akapumua kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Akarudi kwenye njugu zake. Akabambua moja, akaweka maganda ndani ya sufuria taratibu, na njugu yenyewe akaitupa chini. Akabambua nyingine, akafanya vivyo hivyo. Bibi yake akageuza uso. Walter akamwita jina, naye akaitika vizuri, "Naam, Baba," na mikono ikaendelea, maganda sufuriani, njugu vumbini.

Simeon akapiga magoti akaanza kuziokota. Mama Leonida naye akainama akaokota. Walikuwa uso kwa uso, karibu kuliko mtu na mama mkwe wake wanavyoruhusiwa kuwa, na kila waliposafisha mahali, nyingine zilianguka.